Muulize Fundi: Nina kilo 112, ninunue pikipiki gani?

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 38, afisa ugani. Naishi Ihumwa hapa Dodoma na wakulima wangu wako upande wa Hombolo, wale wa zabibu, mtama na alizeti. Pikipiki siiogopi, nimeendesha ya ofisi tangu naanza kazi. Sasa ile imechoka kabisa, na nimeamua kununua yangu. Nina milioni tatu na nusu mkononi.

Shida yangu ni mwili. Nina kilo 112 na urefu wangu ni futi 5 na inchi 3. Ya ofisi ilikuwa cc 100. Kila tuta ilikuwa inagonga chini, tairi la nyuma haliishi kupasuka, na jioni nikifika nyumbani mgongo unawaka moto. Juzi nimeingia duka moja mjini kuulizia bei, kijana muuzaji kanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mama, wewe chukua bajaji tu." Wenzake wakacheka. Nikatoka bila kuuliza chochote.

Mume wangu anasema mtu mwenye mwili anahitaji pikipiki yenye mwili. Kuna jirani anauza Yamaha DT ya cc 125 iliyotoka kwenye mradi, milioni mbili. Nimeikalia, vidole vya miguu tu ndivyo vinagusa chini, nikaona aibu kumwambia. Mwenzangu kazini yeye anasema nisihangaike, ninunue yoyote ile, kwani boda wanabeba magunia mawili ya mkaa na mtu juu na hawajafa. Halafu Jumamosi huwa nambeba mama mdogo kutoka Hombolo kuja kliniki mjini. Ni mwembamba, hazidi kilo 55.

Nishike ushauri wa nani?

Afisa Ugani, Ihumwa

*

Marahaba, mwanangu.

Huyo kijana wa duka tummalize kwanza. Muuzaji wa pikipiki anayeijua kazi yake anakuuliza unapita njia gani, unabeba nini, na una kilo ngapi. Hilo la mwisho halina aibu yoyote, ni kama fundi cherehani kukuzungushia futi kiunoni kabla hajagusa kitambaa. Yeye hakuuliza hata moja, akakuuzia kicheko. Na hiyo bajaji aliyokupendekezea, ukiacha lami tu kuingia mashambani, korongo la kwanza lenye mchanga ungeshuka kusukuma.

Sasa mumeo. Ana nia njema, lakini kachanganya vipimo viwili. Kuna urefu na kuna uzito, na kila kimoja kina mahali pake kwenye pikipiki. Mtu wa futi 6 na inchi 3 mwenye kilo 75 tatizo lake ni magoti kugonga usukani anapokata kona, na miguu kukunjwa mpaka nyonga zikauma. Huyo apewe siti ya juu, vikanyagio vilivyo mbali na siti, usukani ulioinuliwa. Wewe huna shida hiyo hata kidogo. Uzito wako unadai springi, tairi na breki. Injini kubwa haiongezi hata kimoja kati ya hivyo, na siti ya juu inakuondolea kitu ambacho unacho tayari, yaani mguu kufika chini.

DT imeinuliwa makusudi ipite juu ya mawe na visiki. Siti yake iko kama sentimita 85 kutoka ardhini, na mtu wa kimo chako ana mguu wa sentimita 73 hivi kutoka pale mapaja yanapokutana mpaka kisigino. Kweli ukikaa springi zitashuka na utapata nafuu kidogo, kwa kilo zako hata zaidi ya wengine. Lakini fikiria uko kwenye mchanga kule chini ya bwawa la Hombolo, ng'ombe wamekatiza, umesimama ghafla. Mguu wa kushoto unatafuta ardhi, na upande huo ardhi imeshuka kidogo. Pikipiki ya zaidi ya kilo mia imeshaanza kulala na wewe uko juu yake. Hapo hakuna ufundi wa kuendesha utakaoiokoa, unaanguka tu, na pikipiki inaangukia mguu. Tena hizo DT za injini ya viharusi viwili (two-stroke) hazikushiki kwenye mteremko ukiachia mafuta, kazi yote inabaki kwenye breki. Za miradi nazo zimeshapigwa sana kabla hazijaletwa kwa jirani. Mwachie nayo.

Usimwonee aibu mumeo. Mwambie vidole ndivyo vinagusa. Mumewe mtu akishaambiwa hivyo hawezi kubisha, labda aje ashike pikipiki mwenyewe kila ukisimama.

Mwenzako wa ofisini ndiye mwenye hoja nzito zaidi, kwa sababu ni kweli, boda wanabeba. Nimeona Boxer ikishuka na vitanda viwili. Ila aingie gereji yoyote Chang'ombe au Majengo akaulize wanatengeneza nini kutwa. Atakuta spoku zilizokatika, beringi za nyuma, shokapu zinazovuja oili, fremu iliyochomelewa pale inaposhika siti. Yule kijana wa mkaa anabeba kwa sababu safari moja inamlipa na pikipiki pengine ni ya tajiri. Wewe unanunua kwa pesa yako, na unataka ikufikishe kazini mwaka wa tano.

Kwa hiyo tupige hesabu anayoiruka kila mtu. Kitabu cha pikipiki, na mara nyingine kibati kilichobandikwa kwenye fremu, kinataja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani pikipiki na kila kilicho juu yake. Toa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta. Kinachobaki ndicho ruhusa yako. Kwa pikipiki nyingi za kazi za cc 100 mpaka 150 kinabaki kama kilo 130, nyingine 150. Umeona? Cc zimeongezeka nusu nzima, mzigo unaoruhusiwa haujasogea sana. Sasa weka kilo zako 112, helmeti na gambuti na koti kilo 5, begi lenye sampuli na daftari kilo 10. Jumla 127. Umeenea, ila umeijaza.

Ongeza mama mdogo na kilo zake 55, inakuwa 182. Hapo ni hapana. Najua hukupenda kusikia hilo, na najua wembamba wake ndio unaokudanganya. Tazama tairi la nyuma linavyobeba. Pikipiki ya kilo 115 inaweka karibu nusu yake nyuma, tuseme 57. Wewe na vitu vyako, kwa jinsi unavyokaa, mnaweka nyuma kilo 90 hivi. Hiyo ni 147. Mama mdogo anakaa juu ya ekseli kabisa, kilo zake zote zinashuka pale pale, na sasa una zaidi ya 200. Kumbe kwenye ubavu wa tairi, baada ya saizi, kuna namba na herufi. Tairi la 2.75-17 mara nyingi limeandikwa 47P. Hiyo 47 maana yake ni kilo 175, mwisho. Ikiandikwa 50 ni kilo 190, ikiandikwa 52 ni kilo 200. Hiyo herufi P ni mwendo, haikuhusu, hakuna anayefika kilomita 150 kwa saa kwenda Hombolo.

Kuzidisha uzito hakupasui pikipiki vipande siku hiyo hiyo. Utakachosikia kwanza ni usukani kuwa mwepesi, unaelea, kwa sababu mzigo wa nyuma unainua mbele. Halafu utakuta unashika breki pale pale ulipozoea na pikipiki inapitiliza. Mama mdogo mlipie nauli. Anakwenda kliniki, asirudi na ugonjwa mwingine.

Hayo matairi yako yaliyokuwa yanapasuka nadhani sasa umeshajua sababu, ila iko ya pili: upepo. Pikipiki nyingi za aina hii kitabu kinaelekeza tairi la nyuma lijazwe psi 28 (psi ndiyo kipimo cha upepo) kwa mtu mmoja na 32 kwa wawili. Wewe ukiwa peke yako ni sawa na watu wawili wembamba, kwa hiyo jaza 32, na upime asubuhi tairi likiwa la baridi, sio mchana limeshachemka. Hizo kilo zilizoandikwa ubavuni zenyewe zinakuwa kweli tairi likiwa limejaa sawasawa. Watakuja watu kukuambia upunguze upepo ili upite kwenye mchanga. Wenye kilo 60 na wafanye hivyo. Kwa uzito wako tairi laini linazunguka ndani ya rimu, linavuta tyubu na kung'oa valvu, au jiwe linabana tyubu kwenye rimu na unapata matundu mawili kwa mpigo. Na usimwamini fundi wa pancha anayebonyeza kwa kidole gumba. Nunua kipimo chako, kinakaa mfukoni. Miiba ya migunga huwezi kuikwepa, ukiwa Dodoma pancha ni kodi.

Mgongo sasa. Ile ya ofisi ilikuwa inagonga kwa sababu shokapu zilikuwa zimeisha, au hakuna aliyewahi kuzigusa. Chini au juu ya springi za nyuma kuna bangili lenye ngazi, kwa kawaida tano. Kiwandani wanaliacha laini, maana hawajui nani atanunua, na kule dukani hakuna anayehangaika. Likizungushwa kupanda ngazi, springi inabanwa na pikipiki inakaa juu zaidi.

Upime hivi. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma lining'inie. Mumeo ashike futi, apime kutoka katikati ya ekseli ya nyuma kwenda juu mpaka alama atakayoiweka ubavuni mwa siti kwa kalamu. Aandike. Kisha ishusheni, wewe panda na helmeti na begi lako, kaa kama unavyokaa barabarani, mtu akushikilie usukani, naye apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo ndiyo umeshuka kiasi gani. Pikipiki za kazi nyuma zinacheza kama sentimita 10. Ukishuka sentimita 3 au 3 na nusu, uko vizuri. Ukishuka zaidi ya 5, pandisha ngazi, pima tena. Ukifika ngazi ya mwisho na bado unazama, bangili limemaliza kazi yake. Springi haijawa ngumu zaidi, imebanwa tu, na hapo dawa ni kuifunga springi nyingine nene. Mafundi wanazo, na bei yake ni ndogo kuliko dawa za mgongo. Zibadilishwe mbili kwa pamoja. Nimeshaona watu wakibadili upande mmoja kuokoa hela, pikipiki inatembea kiupande upande.

Za mbele watu wanazisahau. Zinataka oili mpya, na kwa mtu wa kilo zako oili nzito kidogo. Pikipiki ikiinama kichwa sana unaposhika breki, ndiko kuliko na shida.

Baada ya hayo yote, jina. Kwa pesa uliyonayo na njia unayopita, chukua cc 150 ya kazi, Boxer BM150 au TVS HLX 150, mpya. Nazichagua kwa sababu ambazo muuzaji hatakutajia. Siti ni ndefu, bapa, haina ngazi, kwa hiyo unaweza kurudi nyuma kiasi mwili unachotaka, na tumbo likapata nafasi yake nyuma ya tenki bila kukubana. Kutoka ardhini siti iko sentimita 78 mpaka 80 hivi, toa zile 3 unazoshuka, ongeza soli ya gambuti, nyayo zako zinakaribia kulala chini zote mbili. Spea ziko Hombolo, ziko Makutupora, ziko mpaka kwenye duka la sukari. Rimu za spoku zinapinda kidogo shimoni na fundi anazinyoosha, wakati spoti rimu, ile isiyo na spoku, ikipata ufa ndiyo basi. Kama liko toleo lenye breki ya diski mbele, ongeza hizo hela. Breki ya ngoma inasimamisha kilo 60 vizuri sana, ikibebeshwa kilo 127 kwenye mteremko inachemka na kulegea.

Zile za Kichina zenye sura ya mashindano, cc 200 na 250, usizitazame. Siti zimekatwa vipande viwili, cha mbele kimebonyea na kina kingo, mwenye nyonga hapati pa kusogea, na unaendesha umelalia mikono. Kama siku moja utapata Yamaha AG ya shirika iliyotunzwa, AG200 hasa, hiyo niulize tena. Ilitengenezwa kwa watu wa mashamba, ina keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili na cheni iliyofunikwa kabisa isile vumbi. Ila nzuri ni adimu na mbovu ni nyingi.

Kuhusu nguvu, usiwe na hofu. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi. Ndiyo maana ile ya cc 100 ulikuwa unaikamulia gia ya pili kwenye mchanga. Cc 150 itakuvuta. Ikisita kwenye vilima ukiwa na mzigo, fundi akubadilishie sproketi ndogo ya mbele, ile yenye meno inayovuta cheni, apunguze jino moja. Itavuta zaidi, mwendo wa juu utapungua kidogo, na mafuta yatakwenda haraka kidogo.

Ukienda dukani, na iwe duka lingine, vaa suruali na gambuti zako za kazi. Sema itolewe nje, ishushwe kwenye stendi, uikalie sakafuni. Nyayo zifike. Kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, mikono isiguse mapaja. Kanyaga breki ya mguu ukiwa na gambuti, usilazimike kuinua goti. Isukume kurudi nyuma kwa miguu ukiwa umekaa, hatua chache tu, kwa sababu hicho ndicho utakachokifanya kila siku mbele ya nyumba za watu. Halafu simama kwenye vikanyagio, ukae tena kwa uzito wako wote, usikilize. Ikigonga dukani itagonga Hombolo. Ukikaa, usiogope kukaa hasa. Pikipiki inayonunuliwa kwa kuikalia nusu nusu kwa aibu haijajaribiwa.

Siku ya kuinunua waambie wakupandishie ngazi za shokapu kabla hujatoka, na kilomita mia tano za mwanzo zikiisha, unapopeleka kubadili oili, spoku za nyuma zikazwe. Zikiwa mpya zinalegea zenyewe, na chini yako zitalegea mapema.

Bado leseni. Kama ulikata zamani kwa ajili ya ile ya cc 100, itoe uitazame kabla hujalipa. Daraja A1 mpaka wake ni cc 125, na ya cc 150 inataka A. Trafiki wa pale Ihumwa atakuuliza hilo.